Mlaji Aliyemeza Mchanga

Tarehe 28 Novemba 2018, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, wahudumu wa afya walianza kugawa dawa hata kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa. Ebola ilikuwa imetangazwa Mangina, karibu na Beni, tangu tarehe 1 Agosti, vituo vya matibabu vilikuwa vimeelemewa, na kila mlangoni palikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Lakini vidonge vile havikuwa vya Ebola. Vilikuwa vya malaria, vikiambatana na vyandarua, na kampeni hiyo ya siku nne ililenga kuwafikia watu hadi 450,000. Shirika la Afya Duniani lilitoa sababu iliyoeleweka na kila mtu: kati ya waliopimwa kwenye vituo vya Ebola, hadi nusu walikutwa na malaria tu. Homa ni homa. Muuguzi hana jicho la kutenganisha homa ya kirusi na homa ya mbu, na kila mwenye malaria aliyeketi kwenye foleni ya Ebola alijiweka hatarini bure.

Sababu hiyo inajitosheleza. Ipo nyingine, ambayo redioni haisemwi sana kwa kuwa inataka hadubini na subira kidogo: malaria huacha mwilini mchanga mweusi, punje ndogo kupindukia, na punje hizo huwadhoofisha wale wanaotulinda dhidi ya bakteria. Naanzia hapo kwa makusudi. Neno "nano" limeshaingia kwenye mafuta ya kujikinga na jua, kwenye chupa za "maji ya fedha" na kwenye mabishano ya chanjo, na watu huniuliza kama chembe hizo za viwandani zinaharibu kinga ya mwili. Huwa nawaambia: kabla hatujazisema za kiwandani, tutazame kwanza hii ambayo mbu wa Beni anatuletea mlangoni bila kudai hata franka moja.

Ukichomwa kidole kwenye kituo cha afya, iwe Butembo, Beni au Kasindi, tone la damu yako hupakwa kwenye kioo, likaachwa likauke, kisha likatiwa rangi ya Giemsa. Ni kile kipimo ambacho wauguzi wetu hukiandika GE kwenye karatasi. Mtu wa labo anapoinamia hadubini anatafuta vimelea: vipete vya rangi ya samawati vyenye nukta nyekundu pembeni. Mwenye jicho zoefu hutazama pia seli nyeupe. Kwa mgonjwa aliyelala na homa siku kadhaa, ndani ya baadhi ya seli hizo utaona vijipunje vya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, vinavyometameta kidogo ukizungusha skrubu ya kulengea, kama unga wa kahawa ya Lubero ulionaswa ndani ya tone la uji. Hivyo si vimelea. Ni taka zao. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine, Algeria, alikuwa akiuchunguza mchanga huu mweusi mwaka 1880 pale alipokiona kimelea chenyewe cha malaria kikicheza chini ya kioo. Ugunduzi huo ulichangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Mchanga huu unatokana na mlo. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya seli nyekundu na kula himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Ndani ya himoglobini mna himu, kipande chenye madini ya chuma, ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Hawezi kukila, hawezi kukitupa nje. Anachofanya ni kukifunga kiwe fuwele, kwa jina la kitaalamu hemozoini. Seli nyekundu ikipasuka, fuwele zinamwagika kwenye damu. Nyingi zina ukubwa wa makumi au mamia ya nanomita. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni; unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, bakteria aina ya E. koli ana urefu wa 2,000 hivi, na uzi wa kirusi cha Ebola una upana wa 80 hivi. Kwa hiyo fuwele hizi ni chembe za nano kamili, ila hakuna mhandisi aliyezichora.

Fuwele zikishamwagika, lazima mtu azizoe. Waandishi wengi huziita seli za kinga askari. Mimi sitaziita hivyo. Huku kwetu neno hilo limebeba mengi, na zaidi ya hapo halielezi kazi yenyewe. Kazi yake ni kula. Mwaka 1882, mjini Messina, mwanabiolojia Elie Metchnikoff alichoma mwiba mdogo ndani ya lava angavu wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini, akaona kesho yake seli zimeuzunguka ule mwiba zikijaribu kuumeza. Kinga ya aina hiyo haijifunzi wala haingoji kuchanjwa. Tunazaliwa nayo, kama alivyozaliwa nayo kiti cha pweza, nayo huamka ndani ya dakika na saa za mwanzo, muda mrefu kabla ya kingamwili kutengenezwa.

Walaji wakuu ni wawili. Neutrofili huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, kama bilioni 100 kwa siku, na maisha yao ni mafupi. Neutrofili akimmeza bakteria humfungia ndani ya kifuko na kummwagia sumu zinazotokana na oksijeni; mojawapo ni asidi ya haipoklorasi, ile ile inayofanya kazi ndani ya maji ya klorini tuliyonawia miaka ile ya Ebola. Kila mmoja wetu, basi, anatembea na ndoo zake za klorini ndani ya damu. Usaha unaotoka kwenye jipu ni mizoga ya neutrofili, na ukijani wake unatokana na kimeng'enya kinachotengeneza klorini hiyo. Mlaji wa pili, makrofaji, ni mkazi wa kudumu: yumo kwenye mapafu, ini na bandama, anafagia na kusaga, na akikutana na kitu kibaya hupiga mayowe ya kikemia ili wengine waje.

Swali sasa: mlaji akimeza kitu asichoweza kukisaga, inakuwaje?

Mwaka 1992 Evelin Schwarzer na wenzake wa Turin, Italia, walizilisha seli walaji za binadamu fuwele za malaria. Zilimeza kwa pupa. Walipozichokoza baadaye, zilishindwa kuwasha ule moto wa sumu za oksijeni, na zilishindwa kumeza tena. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimevimbiwa. Miaka ishirini baadaye watafiti wa London waliongeza kipande kingine: himu inayomwagika seli nyekundu zinapopasuka huwafikia neutrofili wangali wachanga kwenye uboho, na hao hutoka wakiwa na moto hafifu, hivyo Salmonella anayemezwa hafi, anapata nyumba. Waliliona hilo kwa panya, na udhaifu wa namna hiyo hiyo wakauona kwenye neutrofili za watoto wa Gambia waliougua malaria. Wataalamu bado wanabishana ni kipi kinachodhuru zaidi, fuwele au himu iliyo huru. Kwa mzazi ubishi huo haubadilishi kitu. Mtoto mwenye malaria amefunguliwa mlango wa nyuma.

Ukubwa wa mlango huo ulipimwa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya. Kati ya mwaka 1999 na 2007 watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya huko walipungua kwa asilimia 88, na waliolazwa wakiwa na bakteria kwenye damu wakapungua kwa asilimia 44, ingawa malaria na bakteria ni vitu viwili. Anthony Scott, Thomas Williams na wenzao waliwatazama watoto wenye nakala moja ya jeni ya selimundu, wale ambao sisi tunawaita AS. Watoto hao wanajulikana kukingwa dhidi ya malaria kali. Ilionekana wanakingwa pia dhidi ya bakteria kwenye damu, na kadiri malaria ilivyopungua, faida hiyo ya pili nayo ikayeyuka. Maana yake AS haimzuii bakteria. Inazuia malaria, na malaria ndiyo iliyokuwa ikimkaribisha. Walikadiria kwamba pale ambapo malaria ilikuwa imeshamiri, asilimia 62 ya maambukizi ya bakteria kwenye damu ya watoto yalitokana na malaria. Makadirio hayo yana mapana makubwa ya shaka, wenyewe walisema hivyo, lakini mwelekeo wake haufichiki. Na upande wetu wa magharibi, hospitali ya Kisantu katika Kongo Central imekuwa kwa miaka mingi ikikuta Salmonella kwenye damu za watoto wenye homa, mara nyingi bakteria wasiosikia tena dawa za kawaida.

Sasa twende kwenye chembe za kutengenezwa. Mwanadamu huzitengeneza kwa dhahabu, fedha, silika, kaboni, mafuta, protini. Kuziuliza zote kwa pamoja kama zinaharibu kinga ni sawa na kuuliza kama majani ni chakula. Sombe ni majani, na upupu ni majani.

Jaribio ninalolikumbuka zaidi lilifanyika Marekani, na Anna Shvedova na wenzake wakalichapisha mwaka 2008. Panya walipewa kwanza mirija ya kaboni, chembe ndefu nyembamba zinazotumika kuimarisha plastiki na vifaa vya umeme, ikaingia mapafuni. Baada ya siku tatu wakapewa bakteria aitwaye Listeria. Panya wasiopewa kaboni walimsafisha upesi. Waliopewa walibaki na bakteria wengi zaidi, na mapafu yao yakawaka kwa uvimbe. Makrofaji wao walikuwa wamepoteza sehemu ya uwezo wa kumeza. Hebu lirudie moyoni: ni hadithi ile ile ya Turin, mchanga mwingine. Mlaji amejaza tumbo kwa kitu kisichosagika, adui akija anamkuta hana nafasi.

Lakini mirija ya kaboni haiwasemei wengine. Chembe za dhahabu zilizo safi, kwa mfano, humezwa na makrofaji na kukaa humo bila kelele nyingi. Tofauti inatoka wapi? Sehemu yake ni umbo: mrija mrefu haumezeki vizuri, unatoboa. Sehemu nyingine ni nguo. Chembe haimfikii mlaji ikiwa uchi. Ikigusa damu tu, ndani ya sekunde, protini za mwili huiparamia na kuivika joho, na mlaji anachokigusa ni lile joho. Joho likiwa na protini za kundi linaloitwa komplementi, ambazo kazi yake ni kubandika alama ya "hiki kiliwe", chembe humezwa mara moja na mayowe hupigwa. Likiwa na protini za kawaida za damu, inaweza kupita kama mwenyeji. Ndiyo maana dhahabu ile ile inaweza kupewa tabia mbili kwa kubadilishiwa ngozi ya juu.

Na mara nyingine ndani ya joho hilo amejificha mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Bakteria wengi, Salmonella na E. koli wakiwemo, wana ganda la nje lenye kitu kinachoitwa endotoksini. Hicho ndicho king'ora ambacho kinga ya kuzaliwa nayo inakitambua kuliko vyote; walaji wana kipokezi maalumu kwa ajili yake, TLR4, na Bruce Beutler aliyekifichua alishiriki Nobel ya mwaka 2011. Endotoksini hunata kwenye vioo, kwenye maji, na kwenye chembe za nano hasa, kwa kuwa kwa udogo wake chembe hizo zina uso mpana wa kunatiwa. Haifi kwa kuchemshwa. Hata otoklevu ya hospitali, kwa nyuzi 121, humuua bakteria ikaliacha ganda lake likiwa na nguvu. Kuliangamiza kunahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Kwa miaka mingi maabara zikatangaza kwamba chembe fulani inachochea kinga kwa ukali, na Diana Boraschi wa Italia na wenzake wakalazimika kuuliza swali la aibu: mmepima endotoksini? Mara nyingi haikuwa imepimwa. Makrofaji walikuwa wakipigia mayowe uchafu, lawama ikaangukia dhahabu. Mimi tangu hapo sisomi utafiti wa chembe za nano bila kwanza kutafuta sentensi inayosema endotoksini ilipimwa vipi. Isipokuwepo, nafunga karatasi.

Mfanyabiashara wa Butembo anayeleta bidhaa kutoka Guangzhou au Dubai ataniambia haya ni ya maabara. Basi nimpe la sokoni. Fedha, madini yale ya pete, hutoa ayoni zinazoua bakteria. Hilo ni kweli, na krimu ya kuungua yenye fedha imetumika hospitalini tangu miaka ya 1960. Kutoka kwenye ukweli huo wa kupaka juu ya ngozi, watu wamechonga uongo wa kunywa. Agosti 2014, Ebola ikiwa imeshafika Nigeria, waziri wa afya wa huko alitangaza kwamba wamepata dawa ya majaribio iitwayo Nano Silver. Muda si muda ikawekwa kando kwa kukosa kutimiza masharti ya maadili ya utafiti. Septemba ya mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaziandikia barua za onyo kampuni zilizonadi tiba za Ebola, mojawapo ikiuza maji ya chembe za fedha. Mamlaka hiyo ilikuwa imeshasema tangu mwaka 1999 kwamba maji hayo hayajathibitishwa kutibu lolote. Ukinywa, fedha inakutana na chumvi na protini za tumboni, inavishwa, inafungwa, na sehemu inayopenya inaishia kwenye walaji wa ini na ngozi. Wanywaji wa muda mrefu hugeuka rangi ya kijivu yenye ubuluu, na rangi hiyo haitoki tena. Ukikutana na chupa yake sokoni ikiwa na neno "nano" kwa herufi kubwa, pita.

Nyumbani nako kuna chembe zetu, za makala. Sizungumzii haya ninayoyaandika, nazungumzia yale ya gunia, yaani mkaa, maana kwetu neno ni hilo hilo. Moshi wa kuni na makala umejaa masizi, na punje za masizi huanzia makumi machache ya nanomita. Hakuna aliyezibuni, lakini mapafu hayaulizi cheti cha kiwanda. Watafiti walioosha mapafu ya watu wazima wa kujitolea huko Malawi walikuta makrofaji wamejaa weusi, na kadiri weusi ulivyozidi, ndivyo uwezo wa kuwasha moto wa oksijeni ulivyopungua. Ungetegemea basi kwamba jiko lenye moshi mdogo litapunguza nimonia kwa watoto. Lilijaribiwa, Malawi hiyo hiyo, kwa watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti yoyote. Nadhani ni kwa sababu mtoto hatoki kwenye moshi kwa kubadilishiwa jiko moja; takataka zinachomwa uani, jirani anapika, tumbaku inavutwa. Nalileta hili ili msomaji asidhani kwamba seli ikionekana imechoka chini ya kioo, basi dawa imeshapatikana.

Nimeiacha chanjo mwisho, kwa kuwa hapo ndipo uhandisi wa chembe na kinga ya kuzaliwa nayo vimepatana vizuri kuliko popote. Chanjo ya Ebola tuliyochanjwa Beni na Butembo, zaidi ya watu 300,000 katika mlipuko ule uliokwisha tarehe 25 Juni 2020, haimo kwenye kundi hili. Ile ni kirusi hai kilichobadilishwa, kilichosafirishwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ninazozisema ni chanjo mbili za malaria. Ya kwanza, RTS,S, ilianza kutolewa kwa watoto wa Malawi Aprili 2019 na wa Kenya Septemba mwaka huo. Ya pili, R21, ilijaribiwa Kilifi, Bagamoyo, Burkina Faso na Mali, na kwetu Kongo ikaanzia Kongo Central Oktoba 2024. Zote mbili ni chembe za nano za protini: kipande cha ngozi ya kimelea cha malaria kimeunganishwa na protini ya kirusi cha hepatitisi B, vikazalishwa ndani ya hamira, vikajipanga vyenyewe kuwa vijitufe. Kwa R21, upana wake ni nanomita 20 hivi. Mlaji akikiona kijitufe hudhani ni kirusi.

Protini peke yake, hata hivyo, haimshtui vya kutosha. Ndipo kinaongezwa kichocheo, nacho pia ni chembe. Cha R21 kinaitwa Matrix-M: vikapu vya nanomita 40 hivi vilivyosukwa kwa kolesteroli, mafuta na saponini, kile kinachotoa povu kwenye magome ya mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria, ambao wenyeji walizoea kuufanya sabuni. Cha RTS,S kina saponini ya mti huo huo, na ndani yake kimetiwa kipande cha endotoksini ya Salmonella minnesota, kilichopunguzwa makali hadi king'ora kilie bila nyumba kuungua. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wahandisi hawa. Kile kile kilichokuwa kikichafua majaribio ya watu kwa bahati mbaya, wao wamekipima kwa mikrogramu na kukiweka mahali pake. Neutrofili na makrofaji hukimbilia mkono uliochomwa na tezi za kwapani, hupiga kelele siku moja mbili, na kelele hizo ndizo zinazoziamsha seli zinazojifunza. Mtoto aliyechanjwa asubuhi akachemka kidogo usiku, hiyo ndiyo kelele yenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, chembe hizi haziwavimbishi walaji kama ule mchanga mweusi? Hapana, na sababu ni ya jikoni. Protini, mafuta, kolesteroli: vyote hivi mlaji anavisaga kila siku ya maisha yake. Hemozoini, masizi na mirija ya kaboni havisagiki. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza kwa kila chembe, kabla ya kuuliza ni ya nani na inauzwa bei gani: mlaji akiimeza, anaweza kuimaliza? La pili, imevaa nini? Na la tatu, ni kiasi gani? Chanjo ni mikrogramu tu, mara nne, kuanzia mtoto akiwa na miezi mitano hivi. Mtoto wa Beni mwenye malaria ya mara kwa mara anabeba mchanga mweusi mwingi kuliko kiasi hicho, mwaka baada ya mwaka, na huo hakuna aliyeuomba.

R21 ilizuia takriban robo tatu ya malaria katika mwaka wa kwanza pale ilipotolewa kabla ya msimu wa mbu, na asilimia 68 katika maeneo ambako ilitolewa kwa umri bila kungoja msimu. Inatunzwa kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8, jambo ambalo mtu aliyewahi kubeba yale makasha ya baridi ya Ebola hadi Mabalako atalielewa haraka. Haizuii yote. Kwa hiyo GE na TDR (kipimo cha haraka cha malaria) zitaendelea kuwa kwetu, na hapa nina neno kwa wazazi.

TDR ikitoka chanya, msidhani maswali yamekwisha. Kipimo hicho kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na malaria ya kweli yenyewe inaweza kuwa imemkaribisha bakteria. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa unataka mtoto anayeshukiwa kuwa na malaria kali, katika maeneo kama yetu, apewe antibiotiki pamoja na dawa ya malaria. Widal, kipimo cha homa ya matumbo, nayo isiwatulize wala isiwatishe, haiaminiki. Kipimo cha haki ni kuotesha damu, pale kinapopatikana. Mtoto aliyekunywa dawa ya malaria siku mbili akabaki na homa, au anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, anapumua kwa kasi, amepata degedege au haamki vizuri, msimpitishe kwanza kwa muuza vidonge wa sokoni akachaguliwe kapsuli kwa rangi. Mrudisheni kituoni siku hiyo hiyo, mkiwa na karatasi ya kipimo cha kwanza mkononi.